Saa Nane ya Mashine

Ujumbe ulikuwa mfupi, niliuandika mwenyewe
ofisini Nkuhungu, feni ikihamisha vumbi
kutoka meza hii kwenda ile:
«Unakumbushwa kliniki ya presha. 04/03. Saa 8:00.»
Nikabonyeza. Simu mia mbili na kumi zikalia
kutoka Chigongwe mpaka Bahi.

Bi Sechelela Chilongani alisoma alichoandikiwa.
Saa nane. Akapalilia mtama wake kwanza,
akala, akaoga, akavaa kitenge cha harusi ya mwanawe,
akafika zahanati saa nane mchana, kama alivyoitwa.
Daktari alishaondoka na pikipiki yake tangu saa saba.
Kipimo kilikuwa kabatini, na ufunguo ulikuwa na daktari.

Aliponipigia hakugomba. Aliuliza tu:
«Wewe mtoto wa nani, unasoma saa kwa Kizungu
halafu unaniandikia kwa Kiswahili?»

Nikafungua msimbo.

Mashine haina asubuhi. Ina namba moja ndefu,
sekunde zilizopita tangu usiku fulani wa mwaka sabini
ambao kwa wenyewe walioanza kuhesabu ulikuwa saa sita kamili,
na huku Ugogo ilikuwa saa tisa, jogoo hajawika.
Namba hiyo haijui Jumanne. Haijui masika.
Kazi yangu ni kuivisha nguo itoke nje.

Na nguo zenyewe zinabana.
Kwenye muundo, d ni siku; kwetu d ni dakika.
M kubwa ni mwezi, m ndogo ni dakika:
kosea moja tu, mgonjwa anaitwa mwezi wa arobaini na tano.
Nikasema basi nitumie herufi za nyumbani.
Siku, saa, sekunde, zote zikagombania s moja,
mwezi na mwaka wakavutana m
kama mapacha na shati moja la shule.

Jumatano mashine inaihesabu ya tatu,
jina lake lenyewe linasema tano.
Na Alhamisi, ukiifuata ilikotoka, nayo ni tano.
Wiki ina tano mbili
na sijasikia mtu aliyekosa mnada kwa sababu hiyo.

Nikaandika: chukua saa, ongeza sita,
ikizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili,
ikizidi tena, toa tena.
Nane ikawa mbili.
Mstari mmoja tu. Mama wa watu amekanyaga tope kilomita sita
kwa mstari mmoja.

Lakini mbili ya lini? Asubuhi inaishia wapi?
Nyemo, wa meza ya dirishani, akasema saa nne, chai ikishanyweka.
Ndahani akasema saa sita, akarudi kwenye kiazi chake.
Na usiku wa Jumatatu,
huu tunaouita wa kuamkia Jumanne, ni wa nani?
Mashine inaukata katikati kama mkate.
Mama yangu haukati: usiku ni wa siku inayokuja.
Nikaishia na mistari saba ya «kama» na «la sivyo».
Siipendi hata leo.

«Bi Sechelela, njoo Jumanne, tarehe mosi Aprili,
saa mbili kamili asubuhi. Jibu NDIYO.»

Majibu yakaja. Ndiyo. Ndiyo. Ndio. Nani mwenzangu?
Lake likaingia jioni, umeme umerudi muda si mrefu:
«Nitafika nikishafungulia mbuzi.»

Programu ikajaribu kulisoma, ikatoa mstari mwekundu:
MUDA BATILI.

Nikautazama. Nyemo alikuwa anafunga madirisha,
upepo umeanza kurusha mchanga barabarani.
Nikafuta neno «batili» kwa mkono,
nikaacha sentensi yake ilivyo
kwenye safu ya saa,
kati ya 08:00 na 08:00.